Kwenda Koloseo kwa njia ya Bikila

Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo simu ikilia kwetu mtu hukaa kitako kwanza ndipo apokee. Haikuwa msiba. "Shikamoo mjomba. Nimechaguliwa kwenda Italia." Mafunzo ya uuguzi, wiki tatu, mji wa Verona, mwezi wa Oktoba; na mwishoni amebakiziwa siku mbili za kwake mwenyewe kabla ya ndege ya kurudi. "Wewe ulishafika Roma. Mimi nataka kuiona Koloseo. Nianzie wapi?"

Nilimjibu haraka, kama wajomba wanavyojibu: anzia kwenye tiketi. Tukaagana, nikalala, na asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi nikajua nimemshauri vibaya.

Mara yangu ya kwanza mimi nilianzia kwenye tiketi, na nikaishia kwenye tiketi. Nilishuka kituo cha metro kiitwacho Colosseo, nikapanda ngazi, na jengo lile likanisimamia usoni bila hodi: ghorofa nne za mawe upande mmoja, upande mwingine zimebaki mbili. Sijavuta pumzi, kijana mwenye fulana ya rangi kali na kitambulisho kifuani alikwisha kunizingira kwa maneno. Foleni ni ya saa tatu nzima, kaka. Mimi nakuvusha sasa hivi. Nilimlipa zaidi ya mara mbili ya bei ya dirishani, nikasubiri dakika arobaini ili kundi lijae, nikavishwa kifaa sikioni, kisha tukaswagwa ndani nyuma ya mwavuli mwekundu. Ninachokikumbuka zaidi ni kofia ya bwana mmoja mrefu aliyekuwa mbele yangu kila tuliposimama. Mtembezi hula miguu yake, walisema wazee. Mimi nilikula na pochi.

Basi habari ya tiketi tuimalize mapema, maana ni ya lazima ingawa si kubwa. Hifadhi ya akiolojia ya Koloseo ina duka lake rasmi mtandaoni. Nilipolitazama mara ya mwisho, bei ya kawaida ilikuwa Euro 18, na inakupa Koloseo, Foramu ya Kirumi na kilima cha Palatino ndani ya saa 24. Anayetaka kukanyaga sakafu ya ulingo au kushuka kwenye vyumba vya chini hulipa Euro 24. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, lakini nao lazima wakatiwe tiketi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa wote, na ndiyo siku ambayo singempeleka pale hata hasimu wangu. Mauzo hufunguliwa siku 30 kabla ya tarehe ya ziara, na nafasi za vyumba vya chini huyeyuka kama barafu ya ukwaju mkononi mwa mtoto.

Kuyeyuka kwenyewe hakukuwa kwa heri tupu. Aprili 2025 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Italia ilitoza faini zinazokaribia Euro milioni 20: sehemu kwa chombo kilichokuwa kikiuza tiketi hizo, sehemu kwa mawakala kadhaa wa utalii. Iligundulika kwamba tiketi za bei ya kawaida zilikuwa zikinyakuliwa kwa programu za kompyuta, kisha zinauzwa tena zikiwa zimefungwa pamoja na huduma ambazo mgeni hakuziomba. Sisi tuna neno letu kwa watu hao, ni walanguzi, na wala hatukulipata Ulaya. Tangu Oktoba 2023 tiketi hubeba jina la mwenyewe na mlangoni unaweza kuombwa kitambulisho. Kwa hiyo, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi tuna jina la nyumbani, jina la shule, na jina la babu ambalo karani wa vizazi na vifo aliliandika akiwa na njaa. Mlinzi wa Roma hayajui hayo.

Na kabla ya tiketi kuna viza. Vitabu vya safari vilivyoandikwa kwa ajili ya Mjerumani au Mmarekani huanza kwa kumshauri msomaji avae viatu vizuri. Cha kwetu, siku kikiandikwa, kitaanza na bahasha ya kaki: barua ya mwajiri, barua ya likizo, taarifa ya benki, bima ya safari isiyopungua Euro 30,000, na ada ya Euro 90 ambayo ukinyimwa hairudi. Maombi hupelekwa miezi sita kabla kwa wenye pupa na siku 15 kabla kwa wenye moyo wa chuma, na majibu hutoka ndani ya siku 15, ila yakitaka yanafika 45. Piga hesabu hiyo pamoja na zile siku 30 za tiketi. Utamwona mtu wetu yuko kwenye simu saa sita usiku akinunua nafasi ya kuingia uwanja ambao hajui kama ataruhusiwa hata kuingia nchi uliko. Linaudhi, nami sina dawa nalo, ila namshauri mpwa wangu apeleke bahasha kwanza, tena mapema, na tiketi aifikirie baadaye.

Ndiyo sababu simu ya pili nilipiga mimi. Nilimwambia asahau maneno yangu ya jana. Usianzie Koloseo, umalizie hapo. Ukiwa kwenye metro kutoka kituo kikuu cha Termini, kituo cha Colosseo kikifika, tulia kwenye kiti chako. Waache wenzako wenye kamera washuke. Shuka kinachofuata, Circo Massimo.

Ukitoka juu utaona jengo kubwa jeupe lenye bendera: makao makuu ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo jina lake hakuna bwana shamba wa kwetu asiyelijua. Jengo hilo Mussolini alilianzisha liwe Wizara ya Afrika ya Kiitaliano, yaani ofisi ya kutawalia makoloni. FAO waliingia 1951. Na mbele yake, kwenye uwanja wa Porta Capena, tangu 1937 ulisimama mnara wa jiwe wa mita zipatazo 24, wenye uzito wa tani 160 hivi, uliotolewa Aksum, Ethiopia. Jeshi la Italia liliivamia Ethiopia Oktoba 1935 na kuingia Addis Ababa Mei 1936. Mnara ukabebwa kama nyara. Mkataba wa amani wa 1947 uliitaka Italia irudishe vitu ilivyopora Ethiopia. Mnara ulirudi 2005, miaka 58 baadaye, umekatwa vipande vitatu na kupakiwa kwenye ndege, na 2008 ukasimamishwa tena kwao Aksum.

Leo pale mahali mnara haupo, na magari yanazunguka yakipiga honi. Mwongoza watalii hatakuleta, maana hakuna cha kupiga picha. Mimi nataka mpwa wangu asimame hapo dakika tano, kwa sababu ya mtu mmoja.

Tarehe 10 Septemba 1960, marathoni ya Olimpiki ya Roma ilianza jioni ili kukwepa joto. Haikuanzia wala kuishia kwenye uwanja wa michezo, bali ilitoka kilima cha Campidoglio na mwisho wake ulikuwa Tao la Konstantino, kando ya Koloseo. Giza lilipoingia, askari walisimama na mienge kandokando ya Barabara ya Appia, ile ambayo majeshi ya Roma ya kale yalipitia. Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, alikuwa anakimbia peku. Aliyekwenda naye bega kwa bega ni Rhadi Ben Abdesselam wa Moroko. Inasimuliwa kwamba siku chache kabla, Bikila na mwalimu wake Onni Niskanen, Mswidi, waliikagua njia, na wakauona mnara wa Aksum umesimama ugenini, karibu na mwisho. Wakauchagua uwe alama: ukifika hapa, ondoka.

Akafika, akaondoka. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hakuna mtu aliyewahi kuufikia katika marathoni, na Rhadi akaingia sekunde 25 nyuma yake. Mwafrika mweusi wa kwanza kuchukua dhahabu ya Olimpiki aliichukua Roma, robo karne baada ya jeshi la Roma kuingia kwao, tena usiku, miguu mitupu, chini ya tao ambalo kaisari alijengewa kusherehekea ushindi wake. Mtunzi wa riwaya angeambiwa anazidisha chumvi.

Kutoka Porta Capena hadi tao hilo ni Barabara ya San Gregorio, chini ya kilomita moja. Palatino iko kushoto, kilima cha Celio kulia, na misonobari yenye vichwa kama miavuli. Alichokikimbia Bikila wewe kitembee, polepole. Katikati ya njia, upande wa Palatino, kuna mlango wa kuingilia Foramu na kilima chenyewe, na mara nyingi una watu wachache kuliko milango ya mbele. Huo ukumbuke kwa kesho yake.

Tao lenyewe lilizinduliwa mwaka 315, baada ya Konstantino kumshinda mpinzani wake Maxentius kwenye Daraja la Milvio. Likaribie. Sanamu nyingi zilizochongwa juu yake hazikutengenezwa kwa ajili yake. Zilibanduliwa kutoka majengo ya Trajan, Hadrian na Marcus Aurelius, makaisari waliomtangulia. Hata Kaisari alivaa mtumba. Kila Machi marathoni ya Roma huanzia hatua chache kutoka hapo, na wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia wameishinda mara nyingi. Mwaka 2010, jubilei ya miaka 50 ya ushindi wa Bikila, Siraj Gena wa Ethiopia aliongoza hadi karibu na utepe, akasimama, akavua viatu, akaumalizia mwendo peku na akashinda.

Sasa inua macho.

Kaisari Vespasian aliianza Koloseo mwanzoni mwa miaka ya 70, mahali palipokuwa na ziwa la kuchimbwa katika jumba la anasa la Nero. Ziwa la mtu mmoja likakaushwa, pakajengwa uwanja wa wote. Siasa hiyo mwanasiasa yeyote wa leo angeielewa bila mkalimani. Mwanawe Titus aliuzindua mwaka 80 kwa michezo ya siku 100. Fedha zilitoka kwenye nyara za vita, vita vilevile vilivyobomoa Hekalu la Yerusalemu mwaka 70. Ukiingia Foramu, upande wa Koloseo utalikuta Tao la Titus, na ndani yake wamechongwa askari wamebeba kinara cha Hekalu chenye matawi saba. Watu wetu wengi hufika Roma kwa hija. Sijui wangapi huonyeshwa jiwe hilo.

Urefu wa uwanja ni mita 188, upana 156, kimo kinakaribia 50. Viingilio vilikuwa 80, na 76 kati yake vilichongwa namba za Kirumi juu ya mlango. Baadhi zinasomeka mpaka leo. Mtazamaji alikuja na kijibao chenye namba yake, hakulipa senti, akafuata ngazi mpaka kwenye safu yake. Ukitaka kuona akili ya mafundi wale usikazie macho ulingo, tazama ngazi na korido. Makadirio ya kawaida huanzia watu 50,000. Yeyote aliyewahi kugombania geti la Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga atasimama kwenye korido zile kwa heshima. Na ukuu wa viti haukuwa tofauti na wa kwetu: maseneta mbele kabisa, raia wa kawaida nyuma zaidi, na juu kule, karibu na jua, kwenye mbao, wanawake na maskini.

Hapa pana jambo ambalo hakuna mwongozaji aliyewahi kuniambia, na mimi ndilo ninalolipenda. Kaisari Domitian, mdogo wake Titus, alitoa sarafu ndogo ya shaba yenye picha ya kifaru, kumbukumbu ya mnyama aliyeonyeshwa kwa watu wa Roma. Kifaru huyo ana pembe mbili. Wa India ana moja. Huyu ni wa Afrika. Karne hiyohiyo, mfanyabiashara mmoja aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa mabaharia unaoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea, na ndani yake akaeleza mpaka pwani aliyoiita Azania, yaani pwani yetu. Bandari ya mwisho aliyoitaja ni Rhapta, ambayo wanaakiolojia wanaitafuta hadi leo, wengine wakichimba na kuzamia upande wa delta ya Rufiji. Vilivyopakiwa hapo ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Vilivyoshushwa ni mikuki, mashoka madogo, visu na vitu vya kioo. Wakati Koloseo inajengwa, watu wa pwani yetu walikuwa tayari wanafanya biashara iliyoishia kwenye majumba ya Roma, kwa bei ambayo si vigumu kukisia nani alifaidi.

Kwa hiyo tusiingie pale kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa kushangaa mali ya watu. Sehemu ya bili tulilipa. Mwanahistoria Cassius Dio aliandika kwamba katika sherehe za uzinduzi waliuawa wanyama 9,000. Vyumba vya chini, vile ambavyo tiketi zake hugombaniwa, vilikuwa na vizimba, kapi na lifti za kusukumwa na watumwa, ili simba au dubu achomoze ghafla kutoka kwenye sakafu ya mchanga na umati upige mayowe. Nimeshuka huko mara moja. Pazuri, kama utakubali neno hilo kwa mahali ambapo watu na wanyama walisubiri kufa. Mpwa wangu akiipata nafasi hiyo, ashuke. Akiikosa, asimpe mlanguzi mshahara wa wiki.

Maana kitu ambacho watu hawaambiwi ni kwamba Koloseo ni jengo la kutazamwa kwa nje. Ndani ulingo umekatika, viti vimetoweka, na mtu hupewa ukingo wa kuegemea katika msongamano. Mwaka 2023 peke yake hifadhi nzima ilipokea zaidi ya watu milioni 12. Nje unapata umbo, unapata makovu. Utaona mawe yametobolewa matundu kila mahali kana kwamba yamemiminiwa risasi. Mawe yale yalishikanishwa kwa vyuma, na katika zama za kati watu waliohitaji chuma waliyatoboa wakavichokoa, kimoja kimoja. Biashara ya chuma chakavu ni kongwe kuliko tunavyodhani. Tetemeko la 1349 liliangusha upande wa kusini, na kwa karne kadhaa jengo likawa machimbo ya mawe ya kujengea makasri na makanisa ya Roma. Kila mtu alikuja na kuchukua chake.

Juni 2023 mtalii mmoja alinaswa kwenye video akichonga ukutani, kwa funguo, jina lake na la mchumba wake. Polisi walipompata aliandika barua ya kuomba radhi, akaeleza kwamba hakujua jengo lile ni la kale kiasi hicho. Huyo alikuwa na tiketi.

Ratiba yenyewe, basi, ni fupi. Siku ya kwanza, San Gregorio kwa miguu mchana, Koloseo ndani alasiri, watu wanapoanza kupungua. Asubuhi ya pili, saa 24 zikiwa hazijaisha, Palatino na Foramu, mapema. Mabegi makubwa hayaruhusiwi na pale hakuna pa kuyaweka, kwa hiyo sanduku libaki hotelini. Maji asinunue: Roma ina mabomba madogo ya chuma mitaani yanayotiririka mchana kutwa, maji baridi na salama, ajaze chupa yake. Wale wanaume waliovaa kofia za askari wa Kirumi na panga za plastiki, wakimwita dada mrembo njoo tupige picha, awasalimu kwa Kiswahili na aendelee na safari. Picha ni bure mpaka umalize kupiga. Na jioni apande ngazi za juu ya kituo cha metro, au bustani ya Colle Oppio, akae kwenye ukuta na kipande cha piza, aiangalie Koloseo ikibadilika rangi. Hapo hakuna mlango wala foleni wala jina la pasipoti.

Aliniuliza, "Sasa mjomba, nikikosa tiketi kabisa?" Nikamwambia atakuwa amekosa dakika tisini kati ya siku mbili.

Viza bado haijatoka. Bahasha ilipelekwa wiki iliyopita, alama za vidole zikachukuliwa, na kila simu ngeni ikilia anaruka. Jana alinitumia ujumbe, nikadhani ni habari ya ubalozi. Alikuwa anauliza kama Barabara ya San Gregorio inaunguza ukitembea peku. Nikamjibu Oktoba haiunguzi.